Vigari vya Watoto Visichomwe

Katika nchi yetu ya Mbulu na Hanang, yenye vilima na miteremko mingi, iko desturi ya watoto ambayo watu wazima wengi waichukia. Mtoto hutafuta gogo la mkaratusi, akalikata vipande vinne vya mviringo, akavitoboa katikati kwa chuma cha moto, akapitisha fito mbili zilizochongwa, akapigilia ubao juu yake. Kisha hukikokota kigari chake mpaka juu ya kilima, akaketi, akateremka kwa vifijo. Watu wazima wakimwona husema, "Huyu amekuwa mhuni." Kigari huvunjwa kikatiwa mekoni, na mwenyewe hupigwa viboko. Sisi tuandikao maneno haya ni waalimu, nasi twataka kusema waziwazi ya kuwa desturi hii ya kuchoma vigari ni mbaya, na hasara yake ni kubwa kuliko kuni zipatikanazo.

Na tutazame kwanza ni nini kilichomo katika kigari hicho. Mtoto akikata magurudumu katika mti mbichi, jua likayapiga, huyaona yamepasuka toka ukingoni hata katikati. Mara ya pili huyaweka kivulini yakauke polepole. Tundu likiwa limepinda, gurudumu huyumba. Mara ya pili hupima kwa uzi kabla ya kutoboa. Mti ukisuguana na mti hulia, hupata moto, na kigari husita. Basi huomba mafuta ya mnyama kwa mama yake, akapaka, akaona mwendo umekuwa laini. Hakuna aliyemfundisha. Amejifunza msuguano, mhimili, uzito na kipimo, naye hatasahau, kwa kuwa amejifunza kwa mikono yake na kwa magoti yake yaliyochubuka. Kesho yake huja darasani, nasi twamwandikia ubaoni neno "msuguano". Alinakili, alikariri, halafu alisahau. Je, yupi kati ya waalimu hawa wawili, kigari na ubao, amefanya kazi yake vizuri? Wala hatusemi hivi ili kuudharau ubao. Twasema kwamba mtu mwenye akili hamchomi mwalimu mwenziwe.

Wako watakaotujibu mara moja, "Ninyi mwasifu hatari. Watoto wataumia." Hoja hii ni ya kweli, nasi hatuipuuzi. Mtu aliyepita mteremko wa Magara au ule wa Dareda ajua ya kuwa nchi hii haina huruma kwa kitu kisicho na breki. Barabara ya lami itokayo Babati kwenda Singida hupita Katesh, na malori huenda kasi juu yake. Mtoto aketiye juu ya ubao, chini kabisa, haonekani na dereva. Basi twasema bila kusitasita: kigari chochote kisipelekwe katika lami, wala katika njia yoyote ipitayo magari na pikipiki. Mzazi amkatazaye mtoto wake jambo hilo afanya vema, na sisi tu pamoja naye.

Lakini twauliza: ni nani aliyeikuza hatari hii? Kigari kikikatazwa nyumbani na shuleni, mtoto haachi kukitengeneza. Hukitengeneza kwa siri. Hukificha kichakani, hukijaribu mahali pasipo na mtu mzima, na mahali hapo aghalabu ni njia kuu, kwa kuwa ndiyo yenye mteremko mrefu ulio laini. Hakuna amwambiaye ya kuwa kigari chake hakina breki. Hakuna amshikaye bega na kumwonyesha ubao uliolegea. Katazo letu halikuondoa gurudumu hata moja. Liliondoa jicho la mkubwa tu. Mtu ambaye ameufukuza mchezo uani kwake asishangae kuukuta barabarani.

Tena hatari hii yaweza kupimwa, na kitu kipimikacho chaweza kutawalika. Hesabu yake ni rahisi, na mwanafunzi wa sekondari aijua. Kigari kikishuka kimo cha mita 5, hata njia yake iwe ndefu au fupi, kisipozuiliwa na msuguano hufikia mwendo wa mita 10 hivi kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa. Mwendo huo waweza kuvunja mfupa. Kikishuka kimo cha mita 1 na robo tu, hakiwezi kupita mita 5 kwa sekunde, yaani kilomita 18 kwa saa, nao ni mwendo wa baiskeli. Tena mwendo ukizidi mara mbili, nafasi itakiwayo ili kusimama huzidi mara nne. Basi mwalimu achague kilima ambacho kimo chake, toka mahali pa kuanzia hata chini, hakipiti mita 1 na robo, na mbele yake pawe na uwanja wa nyasi unaoinuka kidogo, ili kigari kisimame chenyewe. Kimo hicho hupimwa kwa mpira mwembamba wa plastiki uonekanao ndani, uliojazwa maji; maji ya ncha zote mbili husimama usawa mmoja, na fito mbili zenye alama hutosha kuonyesha tofauti. Somo gani la hesabu lina faida kama hili? Mtoto akishajua kwa nini kilima hiki chafaa na kile hakifai, amepata ulinzi ambao viboko havikuweza kumpa.

Wengine husema, "Sisi tu maskini, kazi hizi ni za shule zenye fedha." Na tuihesabu fedha hiyo. Ubao mmoja wa urefu wa mita 1 na nusu hupatikana katika masalio ya seremala. Magurudumu hukatwa katika mti. Na kama karibu pana karakana ya pikipiki au ya magari, fundi huwa na beringi kuukuu alizozitupa, nazo huweza kutiwa katikati ya gurudumu la mti. Kinachonunuliwa ni bolti moja nene yenye nati mbili na washa zake, bolti mbili nyembamba za breki, na misumari. Kamba ya usukani imo katika kila nyumba yenye ng'ombe. Kipande cha tairi kuukuu hupatikana kwa mtengeneza ndala. Basi gharama ya kigari kizima haifiki bei ya viatu vya shule. Umaskini ni udhuru wa mambo mengi, lakini jambo hili halimo.

Kinachotakiwa zaidi ya fedha ni akili ya mtu mzima, nayo itiwe mahali pane. Kwanza, mhimili wa nyuma ufungwe imara usicheze. Ule wa mbele uzunguke juu ya ile bolti nene, nati ya pili ikiikaza ya kwanza, ili isifunguke kwa mtikisiko. Pili, pande zote mbili za mhimili wa mbele vipigiliwe vibao vya kuuzuia usipinde mno, maana kigari kipindacho ghafula hupinduka. Tatu, magurudumu ya kulia na ya kushoto yawe mbalimbali, na kiti kiwe chini, ili uzito usimame katikati yao. Nne, ambalo ndilo kubwa, breki ziwe mbili, moja kwa kila gurudumu la nyuma, nazo ziunganishwe kwa mti mmoja ili zivutwe pamoja. Breki ikishika upande mmoja tu, kigari hujizungusha. Kila breki ni kipande cha mti mgumu chenye tairi kwenye ncha, kinachobana gurudumu mkono ukivutwa. Kigari kisicho na breki kisipewe ruhusa ya kupanda kilima hata mara moja. Na breki ijaribiwe kwanza katika uwanja wa sawasawa, mtoto mmoja akisukuma na mwenziwe akivuta.

Wako tena wazazi wenye uwezo, wasemao, "Mimi nitamnunulia mwanangu gari la dukani." Hatumkatazi mtu kutumia mali yake. Ila gari lile la plastiki likivunjika, mtoto hulia, baba hununua lingine, na biashara imekwisha. Kigari cha mti kikivunjika, mtoto hukaa chini akafikiri. Wazee wetu walinena, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Watoto wengi siku hizi waona vyaelea, wala hawajui ya kuwa viliundwa, hudhani ya kuwa vitu vyote hutoka dukani kama mvua itokavyo mawinguni. Mtoto wa namna hiyo akiwa mtu mzima, trekta ikiharibika shambani husimama kando yake akapiga simu.

Na wako vijana waliokwisha kuona katika simu zao vigari vyenye mashine, nao huona haya juu ya kigari cha mti. Wataka kufunga injini ya pikipiki siku ya kwanza. Kwa hao twasema: someni habari za vitu mvipendavyo. Kigari cha kwanza cha mashine cha namna hiyo kilitengenezwa Marekani, katika jimbo la California, mwaka 1956, na mtu aitwaye Art Ingels, naye akatumia injini ndogo iliyokusudiwa mashine ya kukatia majani. Lakini Ingels alikuwa fundi aliyezoea kuunda magari ya mashindano, hakuanzia hapo. Miaka 23 kabla yake, mwaka 1933, katika mji wa Dayton, mpiga picha wa gazeti aitwaye Myron Scott aliwaona watoto wakishindana kwa vigari visivyo na mashine, walivyoviunda kwa masanduku na mbao. Hakuwaita wahuni, wala hakuomba vigari vyao vichomwe. Aliwaandalia mashindano yenye zawadi, na tangu mwaka 1935 mashindano hayo hufanyika katika mji wa Akron. Nchi iliyojaa viwanda vya magari haikuona haya kuwashangilia watoto juu ya masanduku. Sisi tusio na viwanda twaona haya ya nini? Injini ina petroli, ina mnyororo ukatao vidole, ina moto. Hiyo na ingoje chuo cha ufundi na mwalimu aliyehitimu. Kijana asiyeweza kusimamisha kigari cha mti hana haki ya kupewa cha mashine.

Wala mtu asidhani ya kuwa twaleta jambo geni. Kuunda kitu chema kwa vitu vilivyotupwa ni kazi ya zamani katika nchi hii. Kando ya Ziwa Eyasi wahunzi wa Kidatoga huyeyusha kufuli na mabomba mabovu kwa mivuo ya ngozi, wakafanya bangili. Misumari huifua ikawa vichwa vya mishale, na Wahadzabe huitumia katika kuwinda. Mbali kidogo upande wa magharibi, katika mji wa Goma huko Kongo, watu huunda kwa mikaratusi chombo kiitwacho chukudu. Ni kama baiskeli ya mti, kina magurudumu mawili yaliyovikwa ukanda wa tairi. Mtu husukuma kwa mguu mmoja, huteremka nacho milimani, hupakia juu yake magunia ya viazi, makaa na mbao, mizigo ya mamia ya kilo. Familia nyingi hula kwa chombo hicho. Watu wa Goma hawakukidharau. Wamekisimamishia sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu mjini mwao. Hebu fikirini: kama wazee wa Goma wangalikitia mekoni chukudu cha kwanza, nani leo angalichukua viazi vya wakulima?

Nasi tunayo mizigo. Dumu moja la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20, nalo huchukuliwa kichwani na mama zetu na dada zetu, asubuhi na jioni. Mtoto ajuaye kuunda kigari kichukuacho mwili wake, aweza kesho kuunda kigari kichukuacho madumu matatu, na keshokutwa mkokoteni wa punda uchukuao mahindi kwenda mnadani. Mchezo na kazi ni ndugu wa tumbo moja. Mdogo akiuawa, mkubwa hukosa wa kumrithi.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya wasichana. Vigari ni vya wavulana tu, ati ndivyo ilivyo desturi. Msichana akikaribia nyundo hurudishwa jikoni. Lakini ni nani achotaye maji? Ni nani ajuaye uzito wa dumu kuliko mwingine yeyote? Yeye ndiye mwenye haja kubwa ya gurudumu, naye ndiye tumnyimaye nyundo. Mwalimu atakayeanzisha kazi hii shuleni kwake, akaweka wavulana peke yao, atakuwa amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyo ndogo.

Hanang imekwisha kuona maana ya kutumia vitu tusivyojua kuviunda. Katika nyanda za Basotu, kwa msaada wa Kanada ulioendelea kupita miaka ya 1970 na 1980, yalilimwa mashamba makubwa ya ngano saba chini ya shirika la NAFCO, kila moja likiwa na ekari zipatazo 10,000. Wabarabaig walipoteza malisho yao mazuri. Zililetwa trekta kubwa na mashine za kuvuna, pamoja na vipuri vyake na wataalamu wake. Msaada ulipokoma katika miaka ya 1990 mashamba yalidhoofika, na leo shirika lile halipo tena. Sababu za jambo hilo zilikuwa nyingi, wala hatusemi ya kuwa kigari cha mtoto kingaliokoa ngano. Lakini twasema hivi: mashine ambayo maarifa yake yako ng'ambo ni mgeni, siku yoyote aweza kuaga. Mafundi wetu wasipoanza wangali wadogo, tutapokea wageni na kuwaaga mpaka lini?

Yumkini mwalimu mmoja atasema, "Mtihani hauulizi habari za vigari, nami napimwa kwa mtihani." Twamjibu kwa upole, maana twaujua mzigo wake. Mwezi wa Machi mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea, akataka shule ziunganishe kichwa na mikono. Imepita zaidi ya nusu karne. Mahali pengi agizo lile liligeuka likawa jembe peke yake: wanafunzi wakalima shamba la shule, wakarudi darasani, na vichwa havikukutana na mikono. Leo Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la mwaka 2023, imeweka mkondo wa amali katika shule za sekondari, ili kijana ajifunze ufundi pamoja na masomo mengine. Ni jambo jema. Lakini mkondo hauanzii katikati ya mto. Kijana aliyepigwa viboko akiwa na miaka 9 kwa kushika msumeno, tukimpa msumeno akiwa na miaka 15 atautazama kwa hofu, nasi tutasema ya kuwa vijana wa siku hizi hawapendi kazi za mikono. Samaki mkunje angali mbichi. Sisi twamkausha kwanza, kisha twalalamika ya kuwa havunjiki vizuri.

Basi maombi yetu ni machache. Kila shule ya msingi katika wilaya hizi itenge siku moja katika muhula, siku ya vigari. Watoto wafanye kazi wanne wanne, wasichana kwa wavulana, na kila kundi liwe na kigari chake. Seremala wa kijiji aalikwe. Wengi hawajapata kuitwa shuleni ila kwa kudaiwa michango, naye atafurahi kuitwa kwa kazi ajuayo. Mwalimu wa hesabu apime kilima. Mwalimu wa sayansi akague breki. Mwalimu wa Kiswahili awaandikishe watoto jinsi walivyofanya, hatua kwa hatua. Mshindi asiwe yule mwenye mbio kuliko wote: kigari kitakachoteremka na kusimama karibu zaidi na mstari uliochorwa chini ndicho kipewe zawadi. Kwa njia hiyo watoto watajua ya kuwa breki ndiyo heshima ya fundi.

Nanyi wazazi, tuna ombi moja kwenu. Jioni mkimkuta mtoto amejificha nyuma ya zizi, ana kipande cha mti na msumari uliopinda, msimnyang'anye. Mwulizeni swali moja: "Kitasimamaje?" Akiwa na jibu, mwambieni awaonyeshe. Akiwa hana, kaeni naye mtafute pamoja. Na meko, usiku huo, yapate kuni nyingine.